Ubeti Mmoja kwa Siku

Assalaam aleikum, na kwa wote habari za jioni. Ahsante, Mwenyekiti.

Nimeombwa nizungumzie ushairi na afya ya akili. Waliowahi kunisikia wanajua nitakachosema, maana nimekisema hapa Tanga, nimekisema Pangani, nimekisema Lushoto, na nitakisema mpaka kifanyike. Mtu mwenye jambo zito moyoni aandike ubeti mmoja kila siku. Sizungumzii diwani ya mashairi, wala shairi la kupeleka redioni. Nazungumzia ubeti mmoja wa mishororo minne, wenye vina, yaani silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mishororo, na mizani, yaani hesabu ya silabi, leo, na kesho mwingine.

Walimu, nina neno nanyi kwanza. Mtoto wa kidato cha pili anajua ukwapi na utao, vile vipande viwili vya mshororo, anajua kituo na kibwagizo, ukimpa shairi la mtu atakutajia bahari yake, yaani aina yake. Mwulize yeye mwenyewe ameandika nini tangu aanze shule. Hana kitu. Mtoto amefiwa na baba mwezi wa tatu, mwezi wa nne yuko darasani anahesabu mizani ya shairi la msiba wa mtu mwingine ili apate alama mbili! Chombo tumemkabidhi, na hatujamwambia kuwa ni chake. Hili linaniudhi na silifichi.

Tena tunafanya hivyo katika mji huu, ambao Shaaban Robert amezaliwa jirani yake, Vibambani, mwaka 1909. Tunamwita mshairi mkuu, tunamtundika ukutani, tunasahau kwamba maisha yake karibu yote alikuwa karani. Aliingia forodhani mwaka 1926, na karibu hadi mwisho wa maisha yake alikuwa mtu wa ofisi, mwenye zamu na mkubwa wa kazi. Mashairi aliyaandika katika muda uliobaki, kama muda uliobaki kwenu ninyi. Alipofiwa na mkewe hakungoja majonzi yapoe ndipo ashike kalamu. Mnaukumbuka mshororo wa kwanza: “Amina umejitenga, kufa umetangulia.” Hesabuni. Nane, na nane. Mtu yumo katika msiba wa mkewe na bado anahesabu mpaka nane. Kwa nini? Hapo ndipo penye mhadhara wangu wote.

Nitawaeleza kwa mfano wa mama mmoja. Ameniruhusu niusome ubeti wake, jina lake sitalitaja. Muuza vitumbua, mumewe alikuwa mvuvi, kafariki. Jirani yake ndiye aliyemvuta kuja kwenye baraza letu la jioni. Alipofika akasema, “Mwalimu, mimi mashairi siyajui, niliishia darasa la saba.” Nikamwambia, “Basi niambie tu, kama unavyomwambia dada yako.” Akasema, “Mume wangu amekufa, nyumba imekuwa kubwa.”

Nikamshika mkono nikamhesabia kwenye vidole vyake mwenyewe. Mu-me-wa-ngu-a-me-ku-fa. Nane. Nyu-mba-i-me-ku-wa-ku-bwa. Nane. Alishtuka. Mshororo kamili umemtoka bila ya yeye kuutafuta. Na mtaona hivyo kwa watu wengi mkiwasikiliza kwa makini.

Sasa kazi ikaja kwenye vina. Mzee mmoja pale barazani akamwonya, “Binti, kina cha bwa kitakutesa.” Ni kweli, kinatesa. Akaambiwa abadili. Akakaa, akageuza, akaandika:

Mume wangu umekwenda, nyumba imebaki wazi.

Angalieni kilichotokea. Mwanzo alikuwa anatusimulia sisi habari za marehemu. Kwa ajili ya kina tu, sasa anazungumza na mumewe. Hakuna aliyemwambia “zungumza naye”. Mshororo wa pili ulimjia upesi:

Kitandani najipinda, siupati usingizi.

Hilo kila mjane atakwambia. Wa tatu ndio uliokawia. Alikaa na kalamu, midomo inacheza, vidole vinagonga meza, nane, nane, anafuta. Akajaribu “nashinda”, akaikataa. Akajaribu “nakonda”, akaikataa. Chai ilipoa mbele yake. Sisi tukaendelea na mambo mengine, hatukumkazia macho. Kisha akasoma kwa sauti ndogo:

Shati lako nalilinda, silifui siku hizi.

Baraza zima lilinyamaza. Habari ya lile shati hakuna aliyekuwa nayo, hata dada yake anayelala naye chumba kimoja. Yeye mwenyewe alituambia hakukusudia kulisema. Wangapi walimwuliza “unaendeleaje”, na jibu likawa “alhamdulillahi, naendelea”? Swali la huruma halikulitoa shati. Lililolitoa ni kutafuta kina cha nda. Akili ilikuwa imeshughulika na kazi ndogo, ya vidole, ya kuhesabu, na lililofichwa likapata pa kupita. Akamalizia:

Ni pendo ama ni donda, niambieni wajuzi.

Na sisi Waswahili ukituuliza kwa shairi tunajibu kwa shairi. Ndiyo desturi, watu wamejibizana hivyo magazetini tangu enzi za Mambo Leo. Wiki iliyofuata yule yule mzee wa kina cha bwa alikuja na jibu lake, vina vile vile, na mshororo wake wa kwanza ni huu:

Hilo si donda ni tunda, la miaka na malezi.

Hakumwambia “pole”. Hakumwambia “kaza moyo”. Alichukua swali lake akalipa uzito wa kulijibu kwa vina. Yule mama aliunakili ubeti ule kwenye daftari lake, chini ya wake.

Kila ninapousimulia mkasa huu huwa naulizwa kama shati alilifua. Sikumwuliza, na barazani nimekataza watu kuuliza. Ninachowaambia ni kwamba aliendelea kuandika, kila siku baada ya kumaliza vitumbua, na mwaka haukwisha akaleta ubeti wa kulalamikia bei ya nazi. Ubeti mkali, wa kuchekesha. Siku ile nilifurahi mno, maana moyo uliokuwa umejaa jambo moja umepata nafasi ya nazi.

Haya, najua yuko muuguzi hapa anasema moyoni: mfano wa mtu mmoja si ushahidi. Sawa kabisa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na Sandra Beall, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, waandike. Baadhi waandike mambo ya kawaida, wengine waandike tukio lililowaumiza na namna walivyohisi. Walioandika maumivu yao walitoka chumbani na huzuni zaidi kuliko walivyoingia. Lisikieni hilo vizuri, kwa sababu kuna watu wanauza uandishi kama panado. Lakini miezi iliyofuata wakawa wanakwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Majaribio mengi yamefanywa tangu hapo, na kwa wastani faida imeonekana ipo lakini si kubwa. Nami sidai zaidi ya hapo. Pennebaker aliporudi kuyasoma maandishi yenyewe aliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao siku baada ya siku maneno ya “kwa sababu” na “sasa naelewa” yalizidi kuongezeka. Waliorudia kilio kile kile kwa maneno yale yale hawakupata hivyo.

Mtaniambia tena: hao waliandika insha tu, hawakuandika mashairi. Kweli. Hapa sasa nasema la kwangu, na mnaweza kunibishia. Insha ya huzuni haina pa kuishia. Unaweza kuandika kurasa kumi usiku mmoja ukaamka mgonjwa zaidi, na nimewaona waliofanya hivyo. Ubeti una mizani 64, basi. Ukifika mshororo wa nne umefika, funga daftari. Mtu anashuka kwenye uchungu wake kama anayeshuka kisimani na kamba kiunoni. Na kurudia kilio kile kile kwa maneno yale yale ni vigumu, maana kina cha leo si cha jana. Ukibadili kina, unalazimika kuliangalia jambo kutoka upande mwingine. Ndiyo sababu nasema kila siku, na kila siku vina vipya.

“Na mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, Mwalimu?” Nililijua swali hilo litakuja, naliona kwenye uso wa yule kijana pale nyuma. Sikuja kufufua ugomvi wa miaka ya 70 kati ya washairi wa vina na washairi wa huru. Anayeandika huru aandike, na yapo mashairi huru yaliyonitoa machozi. Lakini mtu ambaye usiku halali, ukimwambia “andika upendavyo”, umemwongezea mzigo. Hajui apendavyo. Mpe nane na nane. Akishapona avunje mizani zote akitaka.

“Mimi si malenga.” Hakuna aliyekuomba uwe malenga! Vina vikigongana vibaya, viache. Hatuandiki kwa ajili ya jopo la majaji.

“Mwanamume hakai kuandika huzuni zake.” Hili nalijibu kwa mtu mmoja tu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka 1969 kwa waraka wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, akatoka mwaka 1972, na muda mwingi aliwekwa peke yake. Karatasi alinyimwa. Mashairi aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki. Mtu aliyefungiwa ndani, hana wa kusema naye, akishika mizani anakuwa na kitu kimoja ambacho askari hawezi kumpangia. Nendeni mkayasome, kisha mniambie habari za uanaume.

Naona Mwenyekiti ananionesha saa. Nilitaka kumzungumzia Mwana Kupona, yule mshairi wa kale, mgonjwa, mwaka 1858, akimwita binti yake asogee na wino na karatasi, lakini itabidi iwe siku nyingine. Haya machache nayapitia haraka.

Wakati: chagua ambao tayari una mazoea, baada ya alasiri, baada ya kufunga duka, kabla ya taa kuzimwa. Ukingoja msukumo utangoja sana. Daftari: la karatasi, na liwe na pa kufichwa. Simu itakushawishi urushe kwenye kundi, na ubeti ulioandikwa kwa ajili ya kundi huanza kusema uongo. Baraza la watu wachache mnaoaminiana ni sawa, na kanuni ni moja: lililosomwa pale linabaki pale, mpaka mwenyewe aruhusu.

Na hili silipitii haraka hata kidogo. Kama huli, hulali wiki baada ya wiki, hakuna kinachokufurahisha, au limekujia wazo la kujidhuru, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa. Nenda hospitali leo. Mwambie muuguzi, mwambie daktari, mwambie ndugu akusindikize. Daftari nenda nalo, lakini nenda. Sitaki mtu yeyote aseme mwalimu alimwambia mashairi yanatosha badala ya dawa.

Karatasi zimegawiwa, kalamu zinapita. Vina vya leo ni nga na ka, havina ugumu. Msiandike habari za taifa, msiandike habari za mazingira. Andikeni jambo moja ambalo wiki hii mtu alikuuliza ukajibu “salama” na haikuwa salama. Dakika 15. Ukimaliza kunja, tia mfukoni, usimwoneshe mtu, hata mimi. Anzeni.