Kabla Hujalipia Leseni: Kuchagua Programu ya Kuchakata Vipimo vya GPS

Mhadhara kwa wapima ardhi na mafundi sanifu wa upimaji, Mtwara

Wapima wenzangu, mafundi sanifu, na nyinyi vijana mlio mazoezini, habari za asubuhi. Waandaaji wamenipa mada ndefu, mimi naifupisha hivi: umerudi kutoka saiti, risiva, yaani vipokezi vya GPS, ziko kwenye masanduku yake, faili zimeshaingia kwenye laptopu. Unazichakata kwa programu gani, na utajuaje kwamba jibu ulilopewa ni la kweli?

Tangu nimefika watu wananiuliza jina. Majina nitayataja, lakini naomba tuanzie kwenye ripoti. Koodineti utazipata kwa programu yoyote ile. Ya kulipia ni ile inayokuonyesha imezipataje: setilaiti zipi imezikataa, mstari upi kati ya risiva mbili umefiksi na upi umebaki floti (maneno haya nayaeleza sasa hivi), urefu gani wa antena imeutumia na umepimwa kutoka wapi hadi wapi. Ile inayokupa namba tatu na alama ya tiki ya kijani, basi, mimi siitaki hata bure. Siku mpaka wa shamba la mikorosho unapobishaniwa mbele ya baraza la ardhi, tiki ya kijani haitakutetea.

Tukae kidogo kwenye hiyo fiksi, maana hapo ndipo programu zinapotofautiana. Wimbi la L1, mojawapo ya yale yanayorushwa na setilaiti za GPS, lina urefu wa kama sentimita 19. Risiva inapima vizuri sana kipande cha wimbi kilichofika kwenye antena, hadi milimita. Isichokijua ni idadi ya mawimbi mazima yaliyopo kati ya antena na setilaiti. Kazi ya programu ni kuitafuta idadi hiyo. Ikiipata, tunasema imefiksi. Ikishindwa, inabaki na namba ya desimali, ndiyo floti. Kuna jaribio la uwiano: jibu la kwanza linalinganishwa na la pili, na likilishinda kwa kiwango fulani, linakubaliwa. Katika RTKLIB, programu ya bure nitakayoirudia, kiwango cha kuanzia ni 3. Lakini jamani, uwiano mkubwa si kiapo. Fiksi ya uongo ipo, na inakuja na sura nzuri kuliko floti ya kweli.

Sasa chukueni alama iliyo pembeni ya shamba kule Tandahimba au Newala. Mkorosho si mnazi. Matawi yake ni mapana na yameshuka chini, yanakula nusu ya anga. Fungua faili hiyo kwenye RTKPLOT, sehemu ya RTKLIB inayochora vipimo. Kila setilaiti ina mstari wake, na pale mawimbi yalipokatika utaona vijialama vyekundu vimejipanga. Setilaiti moja iliyopita nyuma ya matawi inaweza kuwa na vijialama tele ndani ya dakika kumi, wakati wenzake wako safi. Itoe hiyo. Pandisha kikomo cha pembe ya setilaiti juu ya upeo wa macho kutoka nyuzi 10 hadi 15, kisha 20, uchakate tena kila mara. Koodineti zikitulia ndani ya milimita chache, lala usingizi. Zikiruka sentimita kumi na kitu, ujue fiksi yako ilikuwa ya kubahatisha, rudi saiti. Programu isiyokuruhusu kufanya haya mambo mawili, kutoa setilaiti na kubadili pembe, haifai kwa mikoa yetu hii.

Kuhusu faili. Kila mtengenezaji ana aina yake ya faili ghafi, na angependa zibanguliwe kwake tu, kama korosho zetu zilivyozoea kusafirishwa na maganda yake. Dawa yake ipo tangu 1989, pale Werner Gurtner wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alipotengeneza RINEX ili vipimo vya risiva za kampuni tofauti vichakatwe pamoja. Kwa hiyo kabla ya kununua risiva, achilia mbali programu, uliza: inatoa RINEX? Ya toleo gani? Toleo la 2 lilitungwa enzi GPS ikitawala. Kama risiva yako inapokea pia setilaiti za Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, taka toleo la 3 kwenda juu. Na ukishabadilisha, fungua kichwa cha faili kwa Notepad ukisome kwa macho yako. Jina la antena lipo? Urefu wake umeandikwa? Jina likikosekana au likikosewa, programu haitajua kitovu cha mawimbi kiko wapi ndani ya antena, na kimo chako kinaweza kupotea kwa sentimita kadhaa bila onyo lolote.

Tuje kwenye bei. RTKLIB ya Tomoji Takasu wa Japani ni bure, na msimbo wake uko wazi. Emlid Studio imejengwa juu yake, nayo ni bure, na kwa anayeanza ni rahisi zaidi kuielewa. Kwa mstari mmoja kati ya beisi (risiva iliyosimama kwenye alama inayojulikana) na alama yako, hizi zinatosha, wala asikutishe mtu. Zinapoishia ni kwenye mtandao wa alama. Ukiwa na alama nane za kontroli (alama za msingi za upimaji) zilizofungana kwa pembetatu, unataka marekebisho ya pamoja, yaani mistari yote isawazishwe kwa mkupuo, na RTKLIB haifanyi hivyo. Hapo ndipo Trimble Business Center au Leica Infinity zinapostahili pesa zake. Au ukae chini na GNU Gama, ambayo ni bure, ila itakutoa jasho.

Na zile huduma za mtandaoni? Unatuma RINEX, jibu linarudi kwa barua pepe. AUSPOS ya Australia inataka angalau saa moja ya vipimo vya masafa (frikwensi) mawili. Mimi nasema kaa zaidi, maana vituo inavyotumia viko mbali nasi. Cha Malindi, Kenya, tu ni kama kilomita 800 kaskazini mwa hapa. CSRS-PPP ya Kanada nayo ni nzuri. Punguza faili iwe ya kila sekunde 30 kabla ya kutuma, usimalize bando bure.

Lakini hapa sikilizeni vizuri. Jibu linakuja kwenye ITRF, mfumo wa kimataifa wa koodineti, kwa tarehe uliyopima. Bara letu upande huu linasogea kaskazini mashariki karibu sentimita 3 kila mwaka. Alama iliyokokotolewa miaka kumi iliyopita itaonekana imehama sentimita 30, na hakuna aliyeigusa. Hiyo ni mbali na suala la Arc 1960, datamu (msingi wa kuhesabia koodineti) ya zamani. Ramani nyingi za zamani katika masjala zetu ziko kwenye datamu hiyo, na ukiilinganisha na WGS 84, datamu ya GPS, kwenye gridi ya UTM kanda ya 37 Kusini, northing (koodineti ya kaskazini) inatofautiana karibu mita 300. Mita, si sentimita. Programu iwe inakuruhusu kuingiza vigezo vya kubadilishia mwenyewe, na ivitaje kwenye ripoti. Zipo zinazobadilisha kimyakimya, hizo ziogopeni.

Dada yangu kutoka Nachingwea ameuliza kuhusu risiva ya masafa mamoja. Itumie, lakini mstari usizidi kilomita kumi, na usipime jioni baada ya jua kuzama. Ukanda wetu wa tropiki ionosfera yake (tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme) huchafuka sana saa hizo, na kwa masafa mamoja huna namna ya kuiondoa. Kutoka hapa Mtwara hadi Lindi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 60. Hiyo si kazi ya kifaa hicho, hata ukiinunulia programu ya bei gani.

Mzee pale mbele amenibana: "Sasa mimi niweke ipi?" Mzee wangu, ofisi yako inapima viwanja, beisi iko hapohapo saitini. Anza na Emlid Studio. Ukipata kazi ya kuweka kontroli za mji mzima, chukua leseni ya majaribio ya hizo kubwa. Pima alama mbili zilizosajiliwa, uchakate kwa zote, ulinganishe na koodineti za masjala. Isiyokupa sababu ya tofauti, irudishie wenyewe.

Faili za mazoezi ziko kwenye fleshi hii. Vijana wawili hapo mbele anzeni kunakili ziwafikie wote. Baada ya chai tunaanza na ile ya chini ya mikorosho.