Mfu hafufuki bure: kuunda deki ya wachawi wa wafu

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Poa. Leo ni deki ya wachawi wa wafu kwenye Vampire: The Eternal Struggle, lile gemu la kadi la Richard Garfield lililotoka 1994 likiitwa Jyhad, mwaka uliofuata likabadilishwa jina. Historia tuiache hapohapo.

Ukimwambia mtu "wachawi wa wafu" anawaza mazombi. Anajaza mazombi mpaka laibrari, yaani rundo la kadi unazochezea, inanuka, na mimi nilifanya hivohivo, sijifichi. Kripti yangu ya kwanza, yaani rundo la vampaya, ilikuwa vampaya 12, kila mmoja na jina lake, karibu wote vigogo, maana nilitaka ipendeze ukiitandaza. Siku ya siku nafunua wanne wa mwanzo, bei zao: 9, 9, 8, 10. Piga hesabu sasa. Unaanza na puli 30, na hiyo puli ndo roho yako, ikiisha umetoka, na hiyohiyo ndo unalipia vampaya. Zamu ya kawaida una transfa 4, yaani unaweza kumwekea vampaya puli 4, zile za mwanzo kabisa zinakuwa chache zaidi, kwahiyo yule wa 9 ananilia zamu tatu nimekaa nimekunja mikono na mwindaji wangu, yule jirani wa kulia anayenishambulia, ananinyonya puli taratibu kama mtu anakunywa na mrija. Anatoka vampaya wangu, kwenye 30 nishatoa 9, bado sijahesabu nilizonyonywa, na mkononi nimeshika mazombi manne yote yanataka kulipiwa. Nilitolewa nayo mkononi.

Ndo nikaelewa kwamba swali la deki hii sio nani afufuke, ni nani alipe.

Kwahiyo anzieni kwenye kripti. Gemu halina kikomo cha nakala, ila watu wengi wanaona aibu kurudia vampaya, sijui kwa nini. Kripti ya 12, ukiweka nakala 2 za staa wako, kumwona kwenye wanne wa mwanzo ni kama 58 kwa 100. Weka 4 inapanda mpaka 86. Weka 5 ni 93, lakini hapo utajikuta umeshika pacha asiyetoka, maana wawili wa jina moja huwezi kuwa nao mezani. Mi nakomea 4. Waliobaki wawe wadogo, wa 3, 4, 5, na msisahau grupu, ile namba kwenye kadi ya vampaya, ni moja au mbili zinazofuatana, nje ya hapo deki haikubaliki.

Ukoo? Wa kizamani ni Giovanni, wale wa Venice, na uzuri wao wala sio Necromancy, uwezo wa kuchezea wafu, peke yake, ni kwamba inakuja na Dominate, uwezo wa kutawala akili. Hapo ndo kwenye hela. Chukua Govern the Unaligned. Staa wako wa 8 mwenye Dominate ya juu anatoa damu 1 yake mwenyewe, halafu damu 3 zinatoka benki zinamwendea mdogo wake ambaye hajatoka bado. Mdogo wa 5 amebakiza 2 tu kwenye puli yako. Kadi hiyohiyo ukiitumia kwa njia ya chini inanyonya 3 badala ya 1. Nikikuta mtu ana deki ya Giovanni na hana hiyo kadi namuuliza kama anaumwa.

Haya, mazombi. Zombi ni mshirika, yaani msaidizi asiye vampaya, na kumwita mezani kunakuja na stelthi +1, yaani ni vigumu kidogo kumzuia, ila zamu hiyohiyo hawezi kufanya kitu, na windo, yule jirani wa kushoto unayemshambulia wewe, na mwindaji wote wanaruhusiwa kukuzuia. Wengi wanalalamika hapo, mi napapenda. Mwite zombi KWANZA, halafu ndo unyonye. Windo akitumia mtu wake kumzuia zombi, yule mzuiaji anafungwa, njia nyeupe, vampaya wa pili anapita ananyonya. Zombi ni chambo. Akipita napo ni faida.

Zile kadi za kuvuta vitu kutoka lundo la majivu, yaani kadi zilizokwisha kutumika au kutupwa, hizo ndo tamu na ndo zinaua deki. Mwanzo wa gemu lundo ni tupu! Unafufua nini? Mkono ni kadi 7, mbili zikiwa hazichezeki wewe unacheza na 5, na kutupa ni moja tu kwa zamu. Kwenye laibrari ya 90 mi naweka tano za hivyo, basi. Kadi za masta, zile unazocheza wewe mwenyewe bila vampaya, napo unacheza moja kwa zamu, usinijazie thelathini.

Nani kauliza laibrari iwe ya kadi 60 au 90? Mi nakwenda 90, maana deki hii inatafuna kadi vibaya mno.

Haya, kila mtu atoe kripti yake aiweke mezani ahesabu wangapi wamezidi 8. Nasubiri.