Kiti cha mama yake Khufu, na daftari za marais wa Giza

Assalam aleikum ndugu zangu, hamjambo huko nyumbani? Leo nipo Cambridge, ng'ambo ya mto tu kutoka Boston, na baridi inakata masikio. Nimeingia jumba la makumbusho la Harvard la Mashariki ya Karibu ya kale. Kuingia ni bure. Nataka mkione kiti hiki.

Ngoja niwasogezee kamera. Mnaona dhahabu inavyong'aa? Mnamwona huyu kipanga hapa pa kuegemeza mkono? Malkia Hetepheres alizikwa na kiti kama hiki; ndiye mama yake Khufu, mfalme wa Misri ya kale mwenye piramidi kubwa la Giza, karibu na Cairo. Lakini hiki mnachokiona kimetengenezwa juzijuzi, mwaka 2016. Cha asili mbao zake zilishakuwa unga.

Sasa walijuaje kilivyokuwa? Hapo ndipo nilipokwama nikasimama nusu saa nzima.

Februari 1925, mpigapicha Mmisri, Mohammedani Ibrahim, alikuwa anasimamisha kamera yake mashariki ya lile piramidi. Mguu wa kamera ukagusa lipu iliyofunika mwamba. Chini ya lipu kulikuwa na ngazi, kisha shimo la karibu mita 27 kwenda chini. Mkuu wa msafara wa uchimbaji, Mmarekani George Reisner, wakati huo alikuwa huku Marekani. Chumba kilipofunguliwa, vipande vya dhahabu na vigae vidogo vya rangi vilikuwa vimetapakaa sakafuni, mbao zimeoza. Ukiokota kipande bila kuandika kilikuwa wapi na kililalia nini, basi, kiti kimekufa mara ya pili. Wao wakapiga picha zaidi ya 1,000, wakaandika na kuchora kurasa zipatazo 1,700. Hizo karatasi ndizo zilizokirudisha kiti.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uchimbaji ndivyo ulivyo, jamani. Ukishachimba, huwezi kuchimba tena mahali palepale. Linalobaki ni ulichoandika. Kule kisiwa cha Elephantine, karibu na Aswan kusini mwa Misri, kulikuwa na hekalu la Farao Amenhotep wa Tatu, likabomolewa mwaka 1822. Leo tunalijua kwa michoro ya wale wasomi waliofuatana na jeshi la Napoleon wa Ufaransa lilipoivamia Misri. Jiwe limekwenda, karatasi ipo.

Ila lililonigusa zaidi ni hili. Miaka mingi tulikuwa tunasikia habari za Giza kwa kalamu ya Reisner. Kumbe wasimamizi wake Wamisri, wenyeji wa mji wa Quft, nao walikuwa na daftari zao, kwa Kiarabu, za kila siku. Na msimamizi wao walimwita rais! Ndiyo, neno lilelile letu. Rais Said Ahmed Said alikuwa mmoja wao. Waliandika kwa zaidi ya miaka 30: leo tumechimba wapi, kimetoka nini. Daftari zaidi ya 70 zilikaa nyumbani kwa familia yake mpaka mwaka 2006, watoto na wajukuu wakazitoa ili zihifadhiwe. Hebu fikirieni familia iliyotunza daftari za mzee wao miaka yote hiyo, hakuna aliyewaomba wala kuwalipa. Ningetamani niwashike mkono mmoja mmoja.

Sasa zimepigwa picha, zimewekwa kwenye tovuti ya Digital Giza, pamoja na picha za akina Mohammedani, maelfu, na ramani za makaburi. Huhitaji nauli ya ndege. Kiungo nimekiweka hapo chini.

Nina ombi kwa wenzangu wa Lamu, Mombasa na Unguja, ninyi mliozoea kusoma hati za Kiarabu zilizoandikwa kwa mkono. Mimi mwandiko wenyewe umenishinda, naambulia tarehe na neno mojamoja. Fungueni ukurasa mmoja tu, wowote, kisha mniandikie hapo chini rais anasema nini siku hiyo. Nitasoma kila moja.