Jinsi ya kumjenga Tyranitar asiyekufa kwa pigo moja

Mbukwenyi wadau wangu! Karibuni sana, leo tunamshughulikia mnyama ninayempenda kuliko wote kwenye Pokémon, Tyranitar, lile jitu la kijani lenye magamba kama mawe, urefu mita 2, uzito kilo 202, na mmekuwa mnaniambia sana kwamba mnamlea kwa shida wiki nzima halafu akiingia vitani anakufa kwa pigo moja. Nimewaelewa. Tatizo mnaamini magamba yake ndiyo ngao, wakati ngao yake kubwa ni mchanga, na leo nataka mtu akimaliza video hii awe anajua mchanga unamlinda wapi na wapi haumlindi kabisa.

Mimi natumia gemu ya Pokémon Scarlet kwenye Switch. Kama una gemu pacha yake, Violet, Larvitar, yule mdogo anayekua kuwa Tyranitar, huwezi kumkamata porini, itabidi ubadilishane na mwenye Scarlet. Na aina za Pokémon nitaziita kwa Kiswahili, Jiwe, Giza, Chuma, Ardhi, Mapigano, ili twende pamoja.

Haya, hatua ya kwanza, kamata Larvitar. Ni kadogo, sentimita 60 tu ila kana kilo 72, wanasema kanakula udongo, kakimaliza mlima mzima ndio kanalala kakue. Ukishamkamata usikimbilie kumpandisha levo, fungua kwanza kurasa yake uangalie uwezo wake, unaona hapa pameandikwa Guts? Hiyo ndiyo tunayoitaka. Ikiwa Sand Veil simama hapo hapo, maana mwenye Guts akikua anapata Sand Stream, anashusha dhoruba ya mchanga kila anapoingia uwanjani, lakini mwenye Sand Veil akikua anapata Unnerve na mchanga hana kabisa. Watu wengi wanalijua hili wakiwa wameshafika levo ya 55, inauma. Dawa yake ipo, inaitwa Ability Patch, lakini ni adimu, bora uangalie mapema.

Hatua ya pili ni uvumilivu, hapa sina njia ya mkato. Levo ya 30 anakuwa Pupitar, levo ya 55 ndio anakuwa Tyranitar, na kutoka 30 mpaka 55 ndipo wengi wanamwacha kwenye boksi kwa sababu Pupitar hajawa na nguvu ya kukubeba. Usimwache. Cheza Tera Raid, yale mapambano ya kushirikiana na wenzako, zile peremende za Exp za kupandisha levo unazopata mpe yeye tu, mimi nilimaliza hiyo safari kwa jioni tatu nikiwa nimekaa hapa hapa Nkuhungu kwenye kigoda mlangoni.

Akishakuwa Tyranitar tunaanza kumjenga. Namba zake za asili jumla ni 600, shambulio 134, ulinzi wa mwili 110, HP yaani uhai 100, ulinzi maalum 100, ila spidi ni 61, yaani mzito. Usihangaike na spidi. Nenda duka la Chansey Supply, nunua Protein 26 na HP Up 26, kila moja ni pesa 10,000 ya kwenye gemu, kwa hiyo jiandae na 520,000 jumla, unampa zote mpaka pointi za mazoezi za shambulio na za HP zifike 252 kila upande, pointi chache zinazobaki weka kwenye ulinzi wa mwili. Tabia yake iwe Adamant, ile inayoongeza shambulio, na kama alizaliwa na tabia nyingine mpe Adamant Mint inarekebisha. Halafu nenda mji wa Montenevera na Bottle Cap zako, vile vizibo vya kulipia mafunzo, ukamnoe, lazima awe levo ya 50 kwenda juu. Ukimaliza hayo, kwenye pambano la levo ya 50 atakuwa na HP 207 na shambulio 204. Ziandikeni hizo namba, nitazihitaji sasa hivi.

Mapigo mimi nampa Rock Slide, Crunch, Earthquake na Ice Punch. Ile Ice Punch msiidharau, nitawaonyesha.

Sasa kifaa cha kushika, hapa naomba utulivu maana hii ndio sehemu yenyewe. Mpe Assault Vest. Ile fulana inazidisha ulinzi maalum mara moja na nusu, masharti yake ni kwamba huruhusiwi kutumia mapigo yasiyo na madhara, ndio maana mapigo yote manne niliyochagua ni ya kupiga. Na dhoruba ya mchanga nayo, tangu gemu za mwaka 2006, inampa kila Pokémon wa aina ya Jiwe ulinzi maalum mara moja na nusu. Kwa hiyo ulinzi wake maalum ni 120, mchanga ukivuma unakuwa 180, na fulana juu yake unakuwa 270. Zaidi ya mara mbili!

Sisi wa Dodoma hii hatuhitaji kufundishwa. Mwezi wa nane upepo ukianza unaona kabisa lile vumbi jekundu linatoka upande wa pori linakuja, mgeni aliyeshuka stendi leo anafumba macho anaziba pua na kitambaa, sisi tunaendelea kupiga stori, mama anaanua nguo tu. Ndio hivyo hivyo kwenye gemu, dhoruba inawala wageni, kila mwisho wa zamu inakata sehemu moja ya kumi na sita ya HP ya kila aliyeko uwanjani, isipokuwa wenyeji watatu, Jiwe, Ardhi na Chuma. Hao hawaguswi.

Niwaonyeshe inavyofanya kazi. Binamu yangu wa Area C ana Lucario, na Lucario ni Mapigano na Chuma, adui mbaya kuliko wote kwa Tyranitar, kwa sababu Tyranitar ni Jiwe na Giza na zote mbili zinaogopa Mapigano, pigo linaingia mara nne. Mwanzoni nilikuwa namtoa bila fulana, na siku hiyo mchanga wangu ulikuwa umeshakatika, akanipiga Aura Sphere, pigo maalum la Mapigano. Ukipiga hesabu, Lucario aliyejengwa vizuri anatoa kati ya 276 na 328, mimi nina HP 207. Nilinyamaza muda mrefu sana siku ile, nilikuwa nimemlea yule mnyama tangu ana sentimita 60.

Sasa tazama skrini. Lucario yule yule, Aura Sphere ile ile, ila mchanga unavuma na fulana ipo. Yeye ana spidi kwa hiyo anaanza... inaingia... umeona? Imekata 136. Kwa ulinzi wa 270 lile pigo linatoka kati ya 124 na 148, hata angekuwa ameshika Life Orb, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mapigo, isingezidi 192, bado nimesimama. Zamu yangu, Earthquake, Chuma inaogopa Ardhi, Lucario ana HP 145 hivi na mimi natoa 170 kwenda juu. Kalala.

Lakini sikilizeni kwa makini hapa, kuna mtu atazima video akidhani sasa hafi. Mchanga na fulana vinakinga mapigo maalum tu, yale yenye alama ya viduara vya bluu. Lucario huyo huyo akija na Close Combat, hilo ni pigo la mwili, mchanga hauna msaada wowote, utakufa. Kwa hiyo usipojua adui yako kabeba nini, usibaki.

Ndio inatupeleka kwenye mwenzake. Tyranitar asiende peke yake. Ninayempendekeza ni Gholdengo, yule wa sarafu, unampata kwa kukusanya sarafu 999 za Gimmighoul halafu unampandisha levo huyo Gimmighoul anakuwa Gholdengo. Ni Chuma na Mzimu, pigo la Mapigano linampita kama hewa halimgusi, na kwa kuwa ni Chuma mchanga haumli. Ukihisi Close Combat inakuja mtoe Tyranitar muingize Gholdengo, pigo linapotea bure. Mwingine ni Excadrill mwenye Sand Rush, mchanga ukivuma spidi yake inakuwa mara mbili, huyo ni wa kumalizia, ila naye anaogopa Mapigano kwa hiyo usimtegemee kwa kinga.

Uwanjani sasa. Mchanga unadumu zamu 5 tu, tangu gemu za 2013, zamani ulikuwa hauishi. Kuna jiwe linaitwa Smooth Rock linafikisha zamu 8 lakini ukilishika huna fulana, mimi nachagua fulana. Hesabu zamu kwa sauti kama unahesabu marudio ya ngoma. Ukitaka mchanga mpya unamtoa, unamrudisha baadaye, unavuma tena.

Na msiwaogope wa mvua. Ukiingia pamoja na Pelipper, yeye ana spidi 65 wewe 61, yeye ndio anaanza kushusha mvua halafu mchanga wako unakuja juu yake unaifuta, hali ya hewa ya aliyechelewa ndio inayobaki, uzito wake hapo ni faida. Tofauti ni Torkoal, yule anayeleta jua, ana spidi 20, huyo jua lake litabaki.

Tumalizie na ile Ice Punch niliyoahidi. Huyu hapa Dragonite, ana uwezo unaitwa Multiscale, akiwa na HP kamili madhara yote yanakatwa nusu, watu wanalia naye sana. Mimi zamu ya kwanza naingiza Tyranitar badala ya Gholdengo, Dragonite ananipiga Extreme Speed, hilo ni pigo la aina ya Kawaida na Jiwe linalipunguza kwa hiyo haliniumizi sana, zamu inaisha, mchanga unamng'ata kidogo tu, angalia huo mstari wa kijani umepungua kiduchu pale mwishoni. Hicho kiduchu ndicho nilikuwa nakitaka. HP yake si kamili tena, Multiscale imekufa. Na ukikutana na aliyeshika Focus Sash, ile kamba inayomzuia asife kwa pigo moja akiwa na HP kamili, ni hivyo hivyo, mchanga ukishamng'ata, ile kamba haimshiki tena.

Zamu ya pili, ananipiga tena Extreme Speed, nimebaki na zaidi ya nusu, sasa nachagua. Rock Slide inamuingia mara mbili, Ice Punch inamuingia mara nne kwa sababu Joka na Ndege zote zinaogopa Barafu. Nabonyeza Ice Punch... tayari. Mchanga bado una zamu tatu, mpinzani wangu amebakiwa na Pelipper, na mimi Gholdengo wangu hajaguswa.