Kadi Kwenye Droo ya Mkopeshaji

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo na walimu, Kigoma mjini

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa Kibirizi mliotoka mwaloni na kuja hapa moja kwa moja, poleni na jua, na ahsanteni kwa kufika.

Naanza na droo. Ilikuwa droo ya meza ya mbao, kwenye chumba kidogo jirani na soko la Mwanga. Mwenye meza aliivuta atafute kadi yangu, nikaona kilichomo: kadi za benki, bunda zima, zimefungwa kwa mpira, kila kadi na kikaratasi chenye namba ya siri. Wakati huo nilikuwa mwalimu. Mshahara ukiingia, yeye ndiye aliyetangulia kwenye mashine. Anachukua chake, halafu ananiita nichukue kilichobaki. Kadi yangu ilikaa mle miezi minane. Nilikwenda kukopa kwa miguu yangu, nikasaini kwa mkono wangu, na namba ya siri nikamtajia kwa mdomo wangu. Nilipomlalamikia rafiki yangu alinijibu, "Si ulisaini?"

Swali hilo nimekaa nalo miaka mingi. Leo nataka kulijibu mbele yenu.

Ndiyo, nilisaini. Ila karatasi ile haikuwa na bei. Ilikuwa na kiasi nilichokopa, marejesho ya kila mwezi na mahali pa saini, basi. Mchuuzi akienda mwaloni anaambiwa bei ya beseni la dagaa kabla hajalitia kichwani. Mkopo nao unauzwa. Kwa hiyo wajibu wa mkopaji upo na siukwepi, lakini huwezi kumdai mtu hesabu ya bei ambayo hakuonyeshwa, na wa kumlazimisha mkopeshaji aionyeshe ni serikali. Mimi na wewe hatuna ubavu huo.

Wenzetu wa Marekani walijifunza hili kwa maumivu, kupitia kadi za mkopo. Hizo si kama kadi zetu za kutolea mshahara. Ile unanunua kwa pesa ya benki, unalipa baadaye, na usipomaliza riba inaanza kutembea. Mwaka 1958 benki moja kubwa ya California ilituma kadi 60,000 kwa posta kwenye mji wa Fresno, kwa watu ambao hawakuziomba. Unafungua bahasha, deni linakusubiri ndani. Ilibidi ifike 1970 ndipo sheria ikapiga marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba. Mwaka 1978 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba benki inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa kwenye jimbo la benki yenyewe. Citibank ikahamishia biashara yake ya kadi South Dakota, jimbo lililokuwa limeondoa ukomo wa riba. Mkopaji akiwa New York alikuwa analipa kwa sheria ya mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Mwaka 2009 Rais Obama alisaini sheria ya kuzibana kampuni za kadi hizo. Kampuni ikitaka kupandisha riba, impe mteja taarifa siku 45 kabla. Ankara itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa. Kijana wa chini ya miaka 21 asipewe kadi bila kipato chake au mtu mzima wa kusaini naye. Lakini kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni kile kinachoagiza ankara iseme: ukiwa unalipa kile kiwango cha chini tu, deni hili utalimaliza baada ya muda gani, na utakuwa umelipa jumla ya kiasi gani. Chukueni deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Mtu akilipa dola 30 anajiona amelipa. Kumbe dola 20 zimemezwa na riba, deni limepungua dola 10 tu. Kabla ya sheria ile, hesabu hiyo ilikuwa kichwani mwa benki peke yake.

Sheria ile haikuweka ukomo wa riba. Sisi tumepita njia nyingine. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji wa biashara awe na leseni ya Benki Kuu, hata kama hapokei amana za watu, na Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji hao wasiopokea amana. Ni jambo jema, nami nalishukuru. Tatizo langu ni kwamba ukomo wa riba peke yake unarukwa kirahisi. Kile ambacho hakiruhusiwi kuitwa riba kinabatizwa jina jipya: ada ya fomu, ada ya kuchakata, gharama za ufuatiliaji.

Dada yangu wa tumbo moja anachuuza dagaa. Aliniletea daftari lake nimsaidie hesabu, na ameniruhusu niwasomee. Mkopo 400,000. Ada ya fomu 20,000, ada nyingine 20,000, zimekatwa hapo hapo, mkononi akapokea 360,000. Marejesho 20,000 kila siku kwa siku 26. Zidisheni: 520,000. Amelipa 160,000 juu ya kile alichopokea, na mwezi haujaisha. Kwa ukomo wa Benki Kuu, riba ya laki nne kwa mwezi mzima ni 14,000. Na angalieni jambo jingine: siku ya 13 alikuwa amesharudisha 260,000, nusu ya mzigo wote, ila marejesho ya siku ya 14 yalikuwa yale yale. Wakopeshaji wa namna hii ndio tunaowaita kausha damu, na jina hilo hawakupewa na serikali. Wamepewa na mama hawa waliokaa mbele yangu.

Mkumbuke pia 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu vichanja vitupu. Mimi naunga mkono kulipumzisha ziwa. Lakini marejesho ya kila siku hayakupumzishwa. Mtu mwenye mkopo wa siku 26 aliochukua Mei 10 angetoa wapi elfu ishirini? Anakopa kwa wa pili amlipe wa kwanza. Kuna ubaya gani sheria ikisema kwamba serikali ikisimamisha kazi, ratiba ya marejesho nayo isogezwe mbele?

Kuna hesabu moja zaidi, na hii nawaomba muiandike. Milioni moja na laki mbili kwa miezi 12, riba asilimia 3.5. Ukihesabiwa juu ya mkopo wote, kila mwezi riba ni 42,000, na kwa mwaka ni 504,000. Ukihesabiwa juu ya salio linalobaki, nawe unarudisha laki moja ya mkopo kila mwezi, riba inashuka kila mwezi, jumla yake 273,000. Asilimia ni ile ile, mkopo ni ule ule, tofauti ni 231,000. Mwezi wa mwisho wa ile ya kwanza unadaiwa laki moja, na bado unailipia riba ya 42,000. Kwa hiyo mtu akikwambia "asilimia tatu na nusu" na kunyamaza, hajakwambia bei. Muulize: ya mkopo wote au ya salio? Halafu mwambie aandike jumla, kwa shilingi, kabla hujashika kalamu.

Wakopeshaji wa kwenye simu nitawapitia haraka. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Ukichelewa siku moja, mchungaji wako, mwajiri wako na mama mkwe wako wote wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Majina ya watu kwenye simu si dhamana ya mkopo. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na aliyefanyiwa hivyo ana haki ya kulalamika.

Sasa upande wetu, maana sikuja kuwasifu wakopaji. Kadi ya benki na namba ya siri hazikai kwa mtu mwingine, walimu wenzangu, hata akiwa rafiki. Mkopo wa kununulia sare ya harusi hauzai chochote cha kuulipa. Mume anakopa mke hajui, mke anakopa mume hajui, na wote wawili wanalipa kwa unga wa watoto. Na kabla ya kwenda kwenye ile meza ya mbao, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina haki ya kuomba mikopo inayotokana na asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, isiyo na riba. Ina mlolongo mrefu, najua. Mlolongo huo nao tuulalamikie, kwa sababu kila wiki ya kuchelewa ofisini inampelekea kausha damu mteja.

Ninachokiomba kwa halmashauri yetu si kikubwa. Orodha ya wakopeshaji wenye leseni Benki Kuu inaiweka kwenye tovuti yake. Ichapishwe, ibandikwe kwenye ofisi ya kila kata, kuanzia Mwanga na Kibirizi hadi Ujiji, mahali ambapo mama asiye na simu ya kisasa ataisoma au kusomewa. Na pembeni yake kibandikwe kile kiwango cha 3.5.

Mama pale dirishani, ulinyoosha mkono tangu niliposoma lile daftari, na naona umeshika la kwako. Karibu, njoo nalo hapa mbele tuanze na hesabu yako.