Mafundi wa Moshi na Arusha, nishaurini: randa, mbao na vanishi

Mambo vipi wadau, na wakubwa zangu wote shikamooni. Leo hakuna theluji ya Minnesota, kule Marekani ninakoishi, nyuma yangu. Niko likizo nyumbani, Kibosho, na hapa mnapopaona ni stoo ya mama. Zamani ilikuwa ya kahawa. Siku hizi ina mbao, meza yangu ya kazi, na huyo kuku hapo ambaye tumeshindwa kumhamisha.

Tangu nianze kuwaonyesha useremala wangu wa jioni, ule wa kujifurahisha baada ya kazi, ombi linaloongoza ni hili: "Kaka, ukija nibebee mashine." Ngoja tulimalize leo. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Mashine ya kule ukiichomeka hapa bila transfoma, umeiua. Na transfoma nayo si ile ndogo ya redio. Msumeno wa meza unakula wati 1,800 hivi, kwa hiyo transfoma ya kuumudu ni dude zito, na ukijumlisha bei yake na nauli ya mzigo, bora ungenunua mashine hapa hapa mjini. Halafu kuna herzi, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde: kule 60, huku 50. Drili na greinda, zile zenye kaboni ndani, hazijali herzi. Lakini mota kubwa zisizo na kaboni zitazunguka polepole kwa karibu moja ya sita, na zinachemka. Za betri zina nafuu, maana shida ni chaja tu. Geuza chaja usome: ikiandikwa 100 mpaka 240, beba. Ikiandikwa 120 peke yake, iache, na nyingi za kule ndivyo zilivyo.

Kwa hiyo hapana, sibebi. Msininunie.

Tena kwa mtu anayeanza, anayetaka kujitengenezea stuli au kabati la vyombo, mimi naona mashine si kitu cha kwanza. Umeme ukikatika unakaa unaiangalia. Chukua randa, msumeno mzuri wa mkono, patasi mbili tatu, guni la kupimia pembe, na klempu za kubania mbao, nyingi kadiri mfuko unavyoruhusu, maana klempu hazijawahi kumtosha mtu. Ukiwa na hivyo unafanya kazi hata saa nne usiku, na jirani hasikii kitu.

Anko, sogeza kamera hapa. Karibu zaidi. Hii ni randa namba nne, ya chuma, ya kawaida kabisa ya dukani. Watu wengi wanainunua, wanaisukuma mara moja, inararua mbao, wanasema randa mbovu. Randa siyo mbovu, haijanolewa. Kiwandani wanakata chuma tu, kunoa wanakuachia wewe. Sasa tazameni ninavyofanya. Nina kipande cha kioo cha dirisha, juu yake nimebandika msasa wa maji, ule ule wanaotumia mafundi rangi wa magari. Naanza na mgongo wa kisu, siyo upande wa mshazari. Mgongo lazima ulale bapa kabisa, angalau ile sehemu ya mbele karibu na ukali. Msasa namba 220, kisha 400, kisha 1,000, mpaka unaanza kujiona uso. Halafu ndiyo nageuza upande wa mshazari, nyuzi kama 25, nasugua mpaka nikipitisha kidole upande wa pili nasikia ukingo mwembamba umejikunja. Ule ukiusikia upana mzima, umefika. Unaundoa kwa kugusa mgongo tena, taratibu, mara chache.

Haya, sikilizeni. Mnasikia huo mlio? Na ona kinachotoka juu, utepe mmoja, kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho, nauweka juu ya mkono mnaiona ngozi upande wa pili. Ubao ukitoka hivi hauhitaji msasa. Nikipiga msasa hapa naufifisha tu.

Ubao wenyewe ni mgrevilea. Najua kuna mafundi hapo wameshacheka. "Umetoka Marekani unachonga kuni?" Jamani, mninga naupenda na mkongo naupenda, ila bei zake mnazijua, na kujifunzia kukata ulimi na tundu, yale maungio ya mbao, kwenye mninga ni kuchezea hela. Mgrevilea uko kila kihamba, yaani kila shamba la nyumbani huku Uchagani, ulipandwa kuweka kivuli kwenye kahawa, na uangalieni vizuri ukikatwa kwa upande sahihi: haya madoa yanayometameta, huo ndio urembo wake. Kasoro yake ni vumbi, linawasha ngozi ya baadhi ya watu, kwa hiyo vaa shati la mikono mirefu na barakoa. Huu ulikatwa kwa kibali, na nasisitiza, hata mti wa kwenu wenyewe kamwoneni kwanza mtendaji na afisa misitu.

Ila mti wowote utakaochagua, uwe umekauka. Hapa ndipo ninapogombana na wauza mbao. Unaambiwa "kavu hii, bosi", unaibeba nyumbani, ukiipiga randa mikono inalowa. Mbao ikikauka haipungui urefu, inapungua upana. Ndiyo maana meza inapasuka katikati: fundi amekaza uso wa meza kwa misumari pande zote, mbao inataka kusogea haina pa kwenda. Waliopo ughaibuni wanalijua hili kupitia vinyago. Unanunua kinyago cha mpingo kizuri pale Arusha, unakiweka sebuleni Minneapolis, ikifika Januari hita zinafanya kazi mchana na usiku, hewa ya ndani imekauka kabisa, na kinyago kinapasuka kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Siyo uchawi, ni maji yaliyobaki ndani yanatoka haraka upande wa nje kuliko wa ndani. Mimi hizi zangu zimepangwa kwenye vijiti, hewa inapita kati ya ubao na ubao, na vichwa vyake nimevipaka rangi iliyobaki ili maji yasitokee hapo kwa kasi. Kanuni ya wazee wa kazi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa inchi, hapa nyumbani mko mbele: mbili kwa nne ya kwetu inakaribia mbili kwa nne kweli. Marekani ukinunua mbili kwa nne unapewa moja na nusu kwa tatu na nusu, na hakuna anayeshangaa.

Sasa tuje kwenye kilichonifanya niwashe kamera, maana hapa mimi ndiye mwanafunzi. Kupaka.

Natengeneza benchi la kukaa barazani. Baraza yenyewe haina paa upande mmoja, kwa hiyo jua la saa nane linalipiga, na masika mvua inalifikia. Anko, onyesha vile vipande pale ukutani. Hiki cha kwanza ni vanishi ya kung'aa. Kilikuwa kizuri sana, mama alikipenda kuliko vyote. Kiangalieni sasa pembeni: imeanza kubanduka, na chini yake mbao imekuwa nyeusi. Jua linapita kwenye vanishi kwa sababu ni angavu, linaunguza uso wa mbao wenyewe, vanishi inakosa pa kushika, maji yanaingia. Kurekebisha ni kukwangua yote uanze upya. Hiki cha pili ni mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani. Hayabanduki, ukiona yamefifia unapaka tena kwa kitambaa, umemaliza. Ila kimeota vidoa vya ukungu, na nimeambiwa ukungu wenyewe unakula hayo mafuta. Cha tatu ni nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta, nta moja kwa mafuta manne. Kwa stuli ya ndani sioni mpinzani, harufu yake peke yake inatosha, lakini nje hakuna kitu, mvua moja tu.

Na wanaotumia linsidi, nawaomba jambo moja, hili siyo utani. Kile kitambaa cha kupakia usikikunje ukakitupa kona. Mafuta yale yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti, na sakafu yote hii imejaa maranda. Kitandaze nje kikauke, au kizamishe kwenye ndoo ya maji.

Kwa hiyo maswali yangu ni haya. Ninyi mafundi mnaotengeneza milango ya nje, mnapaka nini kinachokaa? Kuna wanaoniambia sanding sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, na laka ya kupuliza kwa kompresa, lakini ile naijua kwa makabati ya ndani, nje inahimili? Linsidi halisi inapatikana duka gani Moshi mjini? Nimeulizia, nikapewa tapentaini na muuzaji akaapa ni kitu kile kile.

La mwisho ni miguu ya benchi, maana hapa mchwa hawana masihara. Mimi nataka kuikalisha juu ya vipande vya zege na kupaka dawa ya mchwa kwenye ncha tu. Mama anasema huo ni uzungu, nipake oili chafu kama kila mtu alivyopaka mbao za paa. Namwambia watu watakalia, nguo zitachafuka, na itanuka. Niandikieni haraka hapo chini, maana ameshamtuma mtoto na dumu kwa jirani mwenye Fuso.