Kusafiri nje na hela kidogo bila kuwa mzigo kwa wenyeji

Asanteni. Wale mmesimama kule mlangoni kuna viti huku mbele, njooni mkae, tutakuwa hapa kwa muda.

Haya basi. Nimeombwa niongee juu ya kusafiri nje ya nchi ukiwa na hela kidogo, na najua wengi mnangoja bei, nauli ya hapa mpaka Kampala, kulala Kigali ni ngapi, na hizo sitazitaja sana kwa sababu mafuta yakipanda kidogo nauli nayo inapanda, na ikifika Desemba hapo River Road kwa mabasi kila mtu anakupangia yake. Kitu nimekifikiria miaka mingi nikiwa barabarani ni hiki, safari ikiwa rahisi kwako, ile pesa hujalipa, nani amelipa? Maana kuna mtu amelipa. Kitanda ulicholalia bure ni cha mtu, na pengine mtoto wake ndio alihamishiwa kwa kochi. Ugali uliokula ulitoka kwa unga wa wiki nzima. Na mara nyingi huyo mtu ana kidogo kuliko wewe uliyetoka Nairobi na simu nzuri na begi la mgongoni.

Lakini kwanza tumalize makaratasi, maana hayo ndio yanakula bajeti ya Mkenya. Ushauri mwingi wa kusafiri kwa bei rahisi umeandikwa na watu wenye pasipoti zinazofungua kila mlango, wao wakisema safari rahisi wanamaanisha tiketi ya ndege na hosteli basi. Sisi tunaanzia mbali. Viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 tangu Juni 2024, hapo bado hujalipa bima ya safari ambayo lazima igharamie matibabu mpaka angalau yuro 30,000, hujapeleka stetimenti za benki, na wakikunyima ile ada hairudi. Kijana amechanga mwaka mzima, anapoteza hela kwa karatasi ya kuambiwa hapana. Simkatazi mtu kwenda Ulaya, nasema tu kama hela ni kidogo anzeni na mahali hela zenu zinaingia kwa safari yenyewe badala ya kuishia kwa dirisha la maombi.

Na mahali hapo ni pengi jameni. Uganda na Rwanda tangu 2014 unaingia na kitambulisho chako cha kawaida, hata pasipoti huhitaji. Tanzania beba pasipoti. Ethiopia Mkenya hahitaji viza, Zambia hahitaji, Afrika Kusini tangu Januari 2023 tunaingia bila viza mpaka siku 90 kwa mwaka. Ukiangalia ramani unaona unaweza kutoka hapa mjini ukashuka mpaka Cape Town kwa basi na treni na hakuna balozi hata mmoja umempigia magoti, ni muda tu unahitaji. Muda ndio pesa ya mtu asiye na pesa. Ukiwa na siku nne za likizo, panda ndege au nenda Naivasha, safari ya bei rahisi haikufai. Ukiwa na mwezi, hapo sasa tunaongea.

Chukua Arusha. Kuna shuttle inakuchukua hapa mjini mpaka kule moja kwa moja, ni sawa, lakini ukipanda matatu ya Namanga ukashuka, ukavuka mpaka kwa miguu, pale maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia hapo hapo, halafu upande wa pili unatafuta gari za Arusha, unalipa kidogo na unakaa na watu wa huko. Wale vijana wa kubadilisha pesa watakuvamia kabla hujashuka vizuri. Jua kiwango cha siku hiyo kabla hujatoka nyumbani, badilisha ya kukufikisha tu, hesabu mwenyewe noti moja moja, na usitoe pesa yako mpaka yao iko mkononi. Na kama umebeba dola ziwe mpya, zile noti za zamani watu wengi hawazitaki ama wanakupunguzia.

Sasa treni, hapo mnivumilie kwa sababu napenda sana. TAZARA, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China ili shaba ya Zambia ipate njia ya bahari bila kupitia kwa makaburu. Kabla hujapanga ulizia kama inatembea, kuna nyakati abiria wanasimamishwa, na ikitembea inachelewa, mwenye haraka asipande. Daraja la pili vitanda ni sita kwa chumba, wanawake peke yao wanaume peke yao. Kwetu tulikuwa na kina mama wafanyabiashara ambao wanaijua ile njia kila stesheni, chini ya vitanda kumejaa magunia huwezi kuweka hata mguu, na mmoja wao akafungua hotpoti yake ya wali na samaki wa kukaanga, akauweka mfuniko hapo katikati akasema karibuni. Hakuuliza nani amebeba na nani hajabeba. Mimi nilikuwa na chapati na ndizi, zikaingia hapo hapo. Kesho yake treni ikisimama wale wanaouza vyakula wakija dirishani, ilikuwa zamu yangu kununua, sikungoja kuambiwa. Tukifika Tunduma watu wa uhamiaji wakaingia ndani kugonga pasipoti, na yule mama ndiye aliniambia ni nani kati ya wabadilishaji pesa wa kuaminika na ni nani nisimwangalie hata usoni. Habari kama hiyo huwezi kuinunua. Niliipata kwa sababu tulikula pamoja.

Na mtu wa Nairobi kuna kitu lazima apunguze akivuka mpaka wa Tanzania, ile haraka yetu. Hapa unaingia dukani unasema nipe maziwa, unalipa unatoka, na hakuna ameona ubaya. Ukienda Tanga au Moshi hivyo watakuuzia, ndio, lakini umeshajifungia mlango. Mzee umpe shikamoo yake, ungoje marahaba, uulize habari za hapa, ndio useme naomba. Hizo dakika mbili ndizo zinakupa gesti safi ya bei ya wenyeji, zinakuambia basi gani ni zima, na mwenye kibanda anakuwekea begi lako ukazunguke. Nimeona Wakenya wengi wakilipa mara mbili na hawajui ni kwa nini.

Kuna msafiri wa zamani Ibn Battuta, mtu wa Tangier kule Moroko, alipita pwani yetu 1331 hivi, Mombasa alilala usiku mmoja tu akaendelea Kilwa. Lakini kabla ya hapo alipita Mogadishu na akaandika vile wageni walipokelewa. Meli ikifika vijana walikuwa wanaifuata na mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula imefunikwa, anampa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Mgeni akishuka anaenda kulala kwa huyo mwenyeji wake. Tukisikia hivyo tunasema aa, ukarimu wa zamani, watu walikuwa wazuri. Lakini soma vizuri, yule mwenyeji ndiye alikuwa anamuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alichotaka, na mtu akimpunja mgeni au akafanya naye biashara mwenyeji hayupo, ile biashara haihesabiki. Kwa hivyo mgeni alilindwa na mwenyeji akapata. Haikuwa sadaka. Kila upande ulijua unaleta nini, na nafikiri sisi tunaosafiri na hela kidogo tumeuacha upande huo wa pili, tunataka tu sahani iliyofunikwa.

Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hao hao wakasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sisubiri ya tatu. Nikilala kwa mtu naamka nafagia, naosha vyombo, nauliza maji yanachotwa wapi, kama ni ya mtungi wa kununua nanunua. Mwenyeji atakataa hela, karibu wote watakataa na wengine utawaudhi, kwa hivyo usimpe hela. Mwambie twende sokoni pamoja halafu wewe ndio ulipe nyanya, mafuta na mchele. Kuna mama mmoja Tanga alikataa kila kitu changu lakini aliponiona nimebeba majani ya chai ya Kericho akafurahi mpaka akaita jirani, tangu hapo sitoki bila pakiti kadhaa kwa begi, ni nyepesi na kila mtu anajua chai ya Kenya. Na siku uliyosema utaondoka, ondoka. Hata kama wanakubembeleza.

Hizi programu za kulala bure kwa watu usiowajua, Couchsurfing na zingine, zimesaidia wengi, ingawa Couchsurfing tangu 2020 inatoza ada nchi nyingi. Sheria ni ile ile, usiende kwa nyumba ya mtu kama hoteli, unaingia saa nne usiku unalala unatoka.

Ethiopia sasa. Njia ya Moyale ni lami mwanzo mpaka mwisho upande wetu, unapita Isiolo, Marsabit, ni safari ndefu na nzuri sana. Lakini ulizeni hali ya usalama wiki hiyo hiyo mnayotoka, kuna nyakati barabara ya kusini mwa Ethiopia haiko salama, na usalama si mahali pa kubana bajeti. Ukishaingia, sikiliza wakikutajia saa, wanahesabu kama sisi kwa Kiswahili, basi la saa moja ni saa moja asubuhi, ukiambiwa one kwa Kiingereza ukadhani ni mchana utalikosa. Chakula ni rahisi hasa Jumatano na Ijumaa, Waorthodoksi wanafunga hawali nyama, kwa hivyo hoteli zote zina ile sinia ya enjera, mkate wao mpana kama chapati, na dengu na mboga za kila aina juu, bei ndogo na unashiba.

Lakini kahawa ndio nataka muielewe. Mtu akikukaribisha kahawa nyumbani Ethiopia si kikombe cha dakika tano. Nilikaribishwa Hawassa na dada tuliyekaa naye kwa basi. Alitandaza majani mabichi sakafuni, akakaa kwa kistuli kidogo, akaosha kahawa mbichi akaikaanga kwa kikaango juu ya makaa mpaka moshi ukajaa nyumba, akatuzungushia kile kikaango kila mtu avute ile harufu, akatwanga, akachemsha kwa jebena ile birika ya udongo yenye shingo ndefu, na bisi kwa bakuli. Raundi ya kwanza nzito kabisa, ya pili inaongezwa maji kwa yale yale, ya tatu nyepesi inaitwa baraka. Kuondoka kabla ya ile ya tatu ni kumnyima mwenyeji kitu. Sasa fikiria una tiketi ya basi na unaangalia saa kila dakika. Ndio maana nimesema muda ndio pesa yako, huyo dada hakutaka birr zangu hata moja, alitaka nikae mpaka ya tatu na nimweleze Nairobi kukoje, mama yangu anafanya nini, kwa nini sijaolewa.

Kuna mkono pale. Ndio dada, uliza.

Anauliza kama ni salama mwanamke kusafiri peke yake na kulala kwa watu. Swali zuri na nitalijibu bila kuzunguka. Panga ufike mchana. Ya Kampala chukua basi la usiku uingie asubuhi, ukiona basi litakufikisha saa sita usiku subiri la kesho. Usiku wa kwanza kila mji mpya lipa gesti, hata kama umealikwa, hiyo hela iwe kwa bajeti tangu mwanzo, ukishaamka umetulia ndio unaenda kuonana na mwenyeji mahali pa watu wengi. Kama nyumba ina mama au dada mkubwa naenda kwa urahisi zaidi, kama ni mwanaume peke yake mimi siendi, na sioni haya kusema siendi. Kwa basi kaa karibu na mama wa makamo, mkisimama kuchimba dawa mwambie nakuja, atahakikisha dereva hakuachi. Na usitumie hela yako ya mwisho, uwe na nauli ya kurudi nyumbani ambayo haiguswi, kwa sababu mtu ambaye hawezi kuondoka mahali analazimika kukubali mambo.

Mwingine, pale nyuma. Anauliza kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Ndio, ibebeni, Kenya iko kwa orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano kwa hivyo wenzetu wana haki ya kuidai mpakani. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa sindano, na tangu 2016 ukichomwa mara moja ni cha maisha yote. Kwa hivyo ukiwa na safari ya mwisho wa mwezi nenda wiki hii. Na ile ya kuandikiwa na mtu pale mpakani bila sindano usinunue, hata kama anaiuza bei nzuri na gari linapiga honi, maana ukileta ugonjwa kwa nyumba ya watu waliokukaribisha, hapo hakuna majani ya chai yatalipia.